Msikilize King'ora

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha nyuma,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na baridi ya huko haijakuzidi nguvu. Mama Mdogo hajambo? Na mguu wake je, bado unamsumbua akipanda ngazi?

Sisi huku tunaendelea. Baba ni mzima isipokuwa masikio. Ukimwambia chai iko tayari, anakujibu habari za mvua. Mume wangu bado yuko safarini kikazi. Mimi nimesimama wima, usingizi tu ndio nimeusahau. Mjukuu wako ameota meno mawili na ndiye mwenye nyumba siku hizi. Fundi cherehani wa jirani amembandika jina la King'ora, na jina limeganda.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Ujumbe wako ulikuwa mfupi: "Nimesikia. Hongereni. Safari yangu msiisubiri." Nimeusoma nikiwa jikoni, nikausoma tena nikinyonyesha. Hiyo hongereni ina mwiba ndani, Baba Mdogo. Umenilea, nakujua unavyopongeza. Na miaka yote hii tumekungoja uje, mpaka na tiketi umeshakata, halafu leo unatuambia tusikusubiri?

Aliyekutumia kile kipindi cha redio kwenye simu ni mimi. Nilikutumia kwa furaha kabla sijakisikiliza mpaka mwisho. Laiti ningejua.

Unakijua kipindi chenyewe, cha Jumapili mchana, kinachowahoji watu mashuhuri: waimbaji, madaktari, wachoraji, mawaziri wastaafu. Mtangazaji wake sisi humwita Asali kwa ile sauti yake. Nilikuwa namsikiliza nikifua nguo za mtoto, na nilimpenda. Lakini siku aliyokuja kumhoji Baba juu ya nondo wake, wale vipepeo wa usiku, na kile kitabu chenu alichoandika yeye ukachora wewe, moyo wangu ulikataa. Alisifu viti, akasifu mapazia, akasifu chai ikiwa bado kwenye birika. Mtu anayesifu chai asiyoionja ana lake jambo.

Walimkalisha Baba kwenye kiti chake, kipaza sauti kimoja kikawekwa karibu na kidevu chake. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, King'ora mgongoni, kazi yangu ikiwa kumrudia Baba kila swali sikioni kwa sauti kubwa. Kwa hiyo kila alichoulizwa kilipita kinywani mwangu. Lishike hilo.

Walipofika kwenye michoro, Asali aliuliza, nami nikamrudia Baba neno kwa neno: "Mdogo wako alipoondoka, ulimpata nani wa kuchora mbawa kama yeye?"

Baba alitazama ile picha ya nondo mkubwa iliyo juu ya kabati, uliyoichora kwa brashi yenye nywele tatu. Kisha akasema, "Hakuna. Hakuna aliyeweza."

Muda huo wote King'ora naye alikuwa analia, kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Wakaendelea hivyohivyo, swali juu ya kilio na jibu juu ya kilio, mpaka nilipotoka naye.

Ulichosikia wewe kwenye kipindi ni kitu kingine. Asali anauliza, "Je, kuna mtu mwingine aliyechangia kazi ya kitabu hiki?" Na Baba anajibu, "Hakuna. Hakuna aliyeweza." Nilipolisikia hilo sufuria ilinitoka mkononi.

Nisikufiche, nilimshuku hata Baba. Nilijiuliza kama utamu wa kusifiwa haujamlevya. Maana alikuwa amekaa pembeni ya redio anatabasamu. Nikamkabili. Kumbe masikio yake hayakulidaka swali. Alisikia sauti yake tu, akakumbuka alichoulizwa siku ile. Nilipomweleza, tabasamu likamwishia. Nikampa simu akupigie. Akaisukuma. Akasema, "Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja mpaka tumeota ndevu. Leo akiamini redio kuliko mimi, nimpigie nimwambie nini?"

Mmetoka tumbo moja kweli ninyi.

Siku ya pili nilimfunga King'ora mgongoni nikaenda kwenye kituo cha redio. Walinikalisha kwenye chumba chenye mazulia mpaka ukutani. Nikajiambia, watu wanaovalisha kuta mazulia hawataki nini kisikike? Asali alikuja na ile sauti yake. Akanieleza kwamba kipaza sauti humnasa mgeni peke yake, maswali husikika kwa mbali, basi yeye huyasoma upya akiwa studio, kisha huyapachika. Ndivyo wanavyofanya siku zote, na hajawahi kulalamikiwa.

Nikamuuliza, "Unayasoma kama ulivyouliza?"

"Nayafupisha kidogo, mama. Kipindi kina muda wake."

"Basi hapa hukufupisha. Umeuliza jingine."

Akacheka, akasema maana ni ileile. Nikamwambia maana si ileile, ile ya kwanza ilikuwa sifa na hii ni tusi, na mwenye kutukanwa yuko mbali hawezi kujitetea. Nikamtaka anipe sauti zote kama zilivyonaswa sebuleni. Akasema atazitafuta. Mimi niliacha shule njiani, lakini "nitatafuta" ya namna ile sihitaji cheti kuielewa. Sijui kama alifanya makusudi ili kipindi kiwe na moto, au ni uvivu tu wa mtu aliyezoea. Tangu siku hiyo kila mgeni akijibu redioni, nakaa najiuliza ameulizwa nini hasa.

Sikuombi uniamini mimi. Mimi ni mtoto wa nyumba hii, nitasema lolote mpatane. Kipindi bado kimo kwenye simu yako. Kifungue, weka sikio karibu, mmsikilize King'ora, wewe na Mama Mdogo. Baba akijibu, nyuma yake mjukuu wako analia. Asali akiuliza, kimya kama ndani ya mtungi. Baba akirudi, kilio kiko palepale kilipokatikia. Baba Mdogo, mtoto huyu hajawahi kumnyamazia mtu yeyote ili aulize swali. Ukibisha, panda ndege uje umsikie mwenyewe.

Nisalimie Mama Mdogo sana, na mabinti zako wote wawili, na yule mkwe mrefu. Fundi cherehani anakusalimu. King'ora naye anakusalimu, sauti yake nadhani itakufika bila posta.

Baba hajaniagiza salamu. Ila jana nilimkuta amepanda kwenye kigoda anafuta kioo cha ile picha ya nondo, na leo asubuhi ametandika kitanda cha wageni kwa mikono yake. Amekitandika vibaya, shuka limepinda. Nimeliacha hivyohivyo, ulione.

Mungu akufunike, akupe moyo mwepesi na safari njema.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata usipopokea simu,

Mama King'ora