Mtandao wa Josho la Juu

Murongo, Kyerwa
12 Machi 2024

Kaka yangu Polikarpi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kihanga, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio unanisumbua, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Kazi yangu unaijua juujuu. Huku mpakani simu huung'ang'ania mnara wa Uganda hata wa kwetu ukiwa karibu, wala haijui kwamba shule iliyo jirani ina Wi-Fi. Sisi tunazunguka tukipima, tunaandaa orodha inayokaa ndani ya simu, na simu ikiisoma humwonyesha mwenyewe mtandao wa karibu uko wapi.

Mwezi uliopita Uwiduhaye, mke wa mfugaji aitwaye Sebahire, alijifungua nyumbani akaanza kutokwa damu nyingi. Simu ya mumewe haikuwa na mawasiliano. Ikamwelekeza kwenye Wi-Fi ya josho la juu, wanakoogeshea ng'ombe. Sebahire alikimbia hadi huko, hakupata kitu. Ikamwelekeza shuleni, huko ikashika, akampata muuguzi, gari likaja. Uwiduhaye aliongezwa damu chupa tatu. Leo yuko nyumbani, na mtoto ananyonya vizuri.

Sebahire alikuja ofisini na kibuyu cha maziwa. Alinieleza kwamba bila kazi yangu angekuwa mgane, na kwamba binti yao wamempa jina langu, Atuhaire. Nilipokea maziwa. Nilimsimulia mama kwa simu, naye, nasikia, ameshaitangazia jumuiya nzima.

Kaka, josho lile halijawahi kuwa na Wi-Fi. Ulikuwapo mpango tu wa kuiweka. Siku niliyotakiwa kwenda kupima, mvua ilinyesha, njia ikawa tope, nikaandika kwamba Wi-Fi ipo, huku nimekaa barazani nakunywa chai. Nisingeandika, simu ingemtuma shuleni moja kwa moja. Nusu saa aliyoipoteza kwenda joshoni, damu ya mkewe ilikuwa inamwagika kwa sababu yangu.

Jumapili nilikwenda kuwaeleza. Sebahire aliinuka akatoka nje. Uwiduhaye akaniuliza, "Ni josho tu, au kuna pengine?"

Nikakiri kwamba kuna pengine pawili nilipoandika bila kufika.

"Jina la mtoto sitalibadili," akasema. "Ila kesho utatembea na mume wangu mpaka upaone kwa macho yako."

Tulitembea siku mbili, Sebahire mbele, mimi nyuma. Hakunisemesha hadi tulipofuta pa mwisho kwenye orodha, ndipo akanipa maji ya kunywa. Mkuu wangu nimemwandikia yote. Nasubiri uamuzi wake.

Naomba umweleze mama taratibu, nawe usinifichie hasira yako. Wasalimie shemeji na watoto. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Atuhaire