Vidonge vya Ijumaa

Lamu, 6 Septemba 2024

Mwanangu Fahmi,

Salamu nyingi. Hali yako? Mimi nashukuru, ila hii baridi yabisi haina adabu. Asubuhi vidole vinakakamaa mpaka jua lipande. Hata bomba la kutawadhia ananifungulia jirani yetu Shifa. Simu iliniponyoka uani ikapasuka, ndiyo maana nakuandikia. Daktari amenipa vidonge, vinne kila Ijumaa. Kofia yako ya nikaha nimeishona nusu tu. Nahofia haitawahi.

Mamako

Mombasa, 11 Septemba 2024

Mamangu,

Nakubusu mikono, hasa huo unaouma zaidi. Hujambo? Mimi mzima. Kwa kofia usinivunje moyo! Kwao Aaliya wote wanajua bwana harusi atavaa kofia ya vito, ya kudariziwa kwa mkono, aliyoshonewa na mamake. Nikikaa mbele ya kadhi na kofia ya mashine, wajomba watanicheka mpaka nizeeke. Jikaze kidogo, mama. Ni mwezi mmoja tu.

Mwanao, Fahmi

Lamu, 24 Septemba 2024

Mwanangu,

Natumai u mzima. Kofia itawahi, usihofu. Niliwaza: kama vidonge vya Ijumaa vinanipa nafuu, ya nini kungoja Ijumaa? Sasa nameza vinne kila asubuhi, na sindano inashikika. Vilipoisha Shifa aliniletea vingine kutoka duka la dawa. Ila mdomo umejaa vidonda, unapita uji tu, na homa hainiachi. Nadhani ni pilipili ya mchuzi anaoniletea Shifa, mkono wake mzito. Sasa ameenda Kiunga harusini, nitapumzika nayo. Kofia imebaki safu mbili tu.

Mamako

Mombasa, 28 Septemba 2024

Mama,

Barua yako nimeipata sasa hivi. Usimeze hata kimoja! Nimemuuliza mwenye duka la dawa hapa: ni mara moja kwa wiki, ikizidi inaharibu damu, inaua. Iache kofia. Nenda hospitali leo hii, mwombe yeyote akupeleke. Shifa hapatikani kwa simu. Basi limejaa, rafiki yangu Hussam aliyemo ndani atakuletea barua hii, nami nafuata na la alfajiri. Mimi ndiye niliyekuhimiza. Nisamehe, mama.

Fahmi wako

Lamu, 28 Septemba 2024

Mwanangu Fahmi,

Salama huko? Mimi nimechoka, leo nimeswali nimekaa. Lakini furahi, kofia imekwisha! Ummu wa mtaa wa pili anakuja Mombasa kesho, nimempa hiyo kofia pamoja na barua hii. Vidole haviumi hata kidogo. Vidonge vya leo nimemeza, vya kesho nimeviweka karibu na mto.

Pembeni mwa kofia utaona doa. Pua inatoka damu tangu jana, haikatiki, ikadondokea kitambaa. Loweka kwa maji baridi, litatoka.

Mamako