Betri ya Mzani Wangu

Masumbwe, Jumanne

Eti nilete chai! Nina hasira.

Tangu juzi gari la mbio la mume wangu, lile la kuwasha kwa kitufe, limegoma. Ukibonyeza, linaandika kwamba ufunguo hauonekani. Nilisema mapema: betri ya ufunguo imekwisha. Fundi ambaye mume wangu alimtoa Shinyanga akacheka. “Mama Kulwa, hili gari siyo mzani wa dhahabu.” Akafumua dashibodi yote.

Leo mchana nimechomoa betri ya mzani wangu wa kupimia dhahabu, ile bapa kama kifungo cha koti, nikaitia kwenye ufunguo. Nikabonyeza. Likanguruma.

Baba Kulwa akamkumbatia fundi! “Wewe ndiye fundi!” Mimi nikatumwa chai. Wakazunguka na gari mji mzima, huku wachimbaji wawili wakiondoka dukani kwangu na dhahabu yao bila kuniuzia kwa sababu mzani ulikuwa umezima. Sijui kama watarudi. Hilo ndilo linaloniuma.

Kesho Baba Kulwa anataka kwenda kuringa na gari lake Nyarugusu. Betri nimeisharudisha kwenye mzani wangu.

Likigoma, amwite fundi.