Baba Yangu Amekufa Kwenye Filamu, na Shangazi Hataki Afufuke

Mpendwa Mama Afrakoma,

Naomba msaada wako kabla ya Pasaka, kwa sababu maji yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna wa kumuuliza, mume wangu yuko upande wake, baba yangu upande wake, shangazi yangu kule Mampong amefunga mlango, na mimi niliye binti wa huyu na mke wa yule nimebaki katikati nashona nguo za watu huku sindano inanichoma.

Naitwa Boatemaa, fundi cherehani wa hapa Kumasi, mtaa wa Asafo. Mume wangu Asenso ni mpiga video wa mazishi, huenda umewahi kumwona, ndiye yule anayemfuata mjane kwa adabu zote na kumwambia, "Mama, samahani, betri ilizimika, hebu toka nje uingie tena ulie kama mwanzo," na mjane anatoka, anajifunga nguo vizuri, anaingia akilia kuliko mara ya kwanza. Jumamosi moja Asenso alirudi akakaa kitandani na viatu vyake, akaniambia, "Mke wangu, leo wamelia mara mbili, na ile ya pili ndiyo waliyoipenda." Nikamwambia avue viatu. Lakini filamu ilizaliwa siku ile, na mama, hii filamu naipenda, acha nikusimulie usije ukadhani tumegombania upuuzi.

Inaitwa *Imetangazwa*. Mji ni huu huu wetu ila wa miaka mingi ijayo, kila nyumba ina televisheni kubwa kama mlango, na jambo lolote halijatokea mpaka litangazwe. Mvua ikinyesha bila kutangazwa, watu wanatembea bila mwavuli, wamelowa chapachapa, wanaambizana jua limekuwa kali. Mtoto akizaliwa Alhamisi akatangazwa Jumapili, anapewa jina la Jumapili, na mama mzazi anaitikia sawa. Mitambo yote ya kituo cha televisheni Asenso aliiunda kwa vyuma vya magari mabovu kutoka Suame, rejeta na taa za nyuma, na ukiitazama kwenye filamu huwezi kucheka, inatisha kweli.

Sasa kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, anakula fufu yake kwenye kochi, na mtangazaji mwenye meno mazuri anatangaza kwamba mzee huyo amefariki. Mkewe anaitazama televisheni, anamtazama mumewe, kisha anaanza kulia na kumwondolea bakuli, anamwambia kwa upole, "Marehemu hali, mume wangu." Mzee anakwenda kwenye mazishi yake mwenyewe, wanampa kiti cha plastiki nyuma kabisa pamoja na pole. Anasema, "Lakini ni mimi." Wanamjibu, "Tunajua ni wewe baba, ila usitucheleweshe, tunatangazwa saa tisa." Anakwenda kituoni kuomba wasahihishe, wanamwambia masahihisho yamejaa mpaka mwakani, lakini kama ana nafasi wanatafuta mtu wa kuigiza maisha ya yule marehemu, ajaribu bahati yake. Anajaribu, wanamkataa, wanasema hafanani naye. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikajikuta nalia, na mwishoni umeme unakatika, ile televisheni inakuwa nyeusi, mkewe anaona kwenye kile kioo cheusi kwamba kuna mtu amekaa nyuma yake, anageuka taratibu, na hasemi kitu kingine chochote ila, "Umekula?"

Mama Afrakoma, huyo mzee ni baba yangu mzazi. Hajawahi kuigiza maishani mwake, alifanya kazi reli mpaka reli yenyewe ikafa, lakini ukimwona anavyosimama mbele ya wale vijana wa kituo na kofia mkononi, akijaribu kufanana na yeye mwenyewe, utajua kwamba Asenso hakukosea.

Tatizo lilianzia kwenye jina. Asenso alikuwa amempa mzee wa kwenye filamu jina la Tawia, na baba akakataa katakata. Akamwambia, "Wewe unawajua akina Tawia wote walio hai? Utabandika kifo cha mtu usiyemjua, kesho aamke na homa, dhambi iende kwa nani? Andika jina langu. Mimi nipo, najiona, sina homa." Tukaona mzee ana hekima, Asenso akabadilisha, na yale mabango ya msiba, meusi na mekundu kama ilivyo kawaida, yakachapishwa na picha ya baba na jina lake kamili, Adubofour, tukayabandika kwenye ukuta wa njia panda tukapiga picha za filamu asubuhi ile. Tuliporudi kuyabandua, mama anayeuza kenkey pale, ule ugali wa mahindi yaliyochachuka, akatutoa mbio na mwiko wake. "Nyie watoto mmelaaniwa? Marehemu hajazikwa mnambandua?" Tulipokuwa bado tunamweleza kuwa ni filamu, naye anatuambia mama yetu ndiye filamu, mtu mwingine alikuwa ameshapiga picha bango kwa simu na kuituma Mampong.

Jumamosi iliyofuata shangazi Birago, dada yake baba wa tumbo moja, alishuka hapa kwetu na watu waliojaza gari, nguo za msiba nyeusi na nyekundu tupu, na ngoma. Baba akatoka na fulana yake ya ndani. Na badala ya kusema jambo la maana, mama, akatoa utani wa kwenye filamu, "Karibuni, karibuni mle, marehemu amepika." Watu wengine walicheka kwa kuchanganyikiwa. Shangazi hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Adubofour, ndugu yangu anakufa nami naambiwa na picha kwenye simu. Njia nzima nimelia. Sasa mimi nimeshakulilia, yamekwisha. Siku ukifa kweli usinitumie mtu." Akainuka akapanda gari.

Tangu siku hiyo hapokei simu. Tukasema atalainika, Asenso akamrekodi baba video nzuri yenye mwanga mzuri, baba anapunga mkono, anasema dada yangu mimi mzima, nisamehe, tukaituma kwa simu ya mwanawe Apraku amwonyeshe. Apraku akajibu kwamba mama yake ameitazama mpaka mwisho akasema, "Huyu ni yule wa kwenye televisheni." Akaongeza kuwa mama yake anasema filamu ikionyeshwa ukumbini Pasaka kama ilivyopangwa, na ile sehemu ya mazishi ikiwemo na jina la kaka yake likisomwa vile, atahesabu amemzika.

Wewe unajua kwetu sisi, mimi si wa ukoo wa baba, ni wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo katika nyumba ile ya Mampong sina mdomo. Siku baba akifa kweli, kazi yangu ni kununua jeneza. Kumlaza na kumlilia ni kwa dada yake na watoto wake. Dada yake asipokuja, nani atamlilia baba yangu kama anavyostahili? Asenso anasema akikata sehemu ya mazishi filamu haina moyo tena, na ni kweli. Baba anasema, "Wakitaka kunikata wakate shingo, pale nimeigiza vizuri." Hilo nalo ni kweli.

Nimefanya jambo baya zaidi. Kompyuta ya Asenso iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, nakala nzima imebaki kwenye diski moja, na mimi nimeichukua. Iko kwenye sanduku langu chini ya vitambaa vya wateja. Anaitafuta nyumba nzima, amemgombeza hata mbuzi wa jirani, usiku anageuka geuka kitandani nami nalala macho nikiisikiliza pumzi yake. Niiharibu? Niikate mwenyewe? Au nimwache shangazi aende? Nisaidie.

Boatemaa, Asafo

JIBU

Boatemaa mwanangu,

Kwanza simama, fungua hilo sanduku, mpe mumeo kitu chake. Barua hii utaimalizia baadaye.

Umerudi? Vizuri. Ulimwambia ukweli au ulimwambia umeiokota nyuma ya kabati? Kama ni kabati, rudi tena. Mwanamume aliyetumia miaka yake kuunda mji mzima kwa rejeta za Suame hastahili kulala kitanda kimoja na mtu aliyemwibia. Ulifanya hivyo kwa hofu ya baba yako, nimekuelewa na nimekuonea huruma. Lakini huruma yangu ina kikomo, na kikomo chenyewe ni leo jioni.

Pili, filamu hiyo isikatwe hata kidogo. Sijaiona na tayari nimeipenda. Nimefanya kazi hii ya ushauri miaka mingi, nimesoma barua za watu waliofunga ndoa kwa sababu picha zilipendeza, nimesoma za watu waliokosana na mama zao kwa sababu ya maneno ya redio, na sijawahi kuona mtu aliyeliweka jambo hilo wazi kama mumeo alivyoliweka kwa bakuli moja la fufu. Yule mke anapouliza "Umekula?" nilifunga barua yako nikaenda dirishani kidogo. Kwa hiyo mwambie Asenso kwamba Mama Afrakoma anataka kiti Pasaka, na asinipe cha plastiki nyuma.

Na baba yako ana moyo mkubwa. Mzee anayetoa jina lake mwenyewe liandikwe kwenye bango la msiba ili mtu asiyemjua asipate homa, huyo nampigia magoti. Ila ulimi wake unahitaji kufungwa kamba. Dada mtu amelia kutoka Mampong mpaka Kumasi, anafika na macho yamevimba, unamwambia marehemu amepika? Utani ule ulikuwa mzuri kwenye filamu kwa sababu kwenye filamu hakuna aliyelia kweli.

Sasa nisikilize wewe, kwa sababu nyote watatu ni watu wenye akili na mmepitwa na jambo lililo mbele ya pua zenu. Shangazi yako alisema nini alipokaa pale vumbini? Hakusema mmetangaza uongo. Alisema ameambiwa na picha. Tangu lini Mwasante, mtu wa kabila letu, anaambiwa kifo cha ndugu yake na picha? Anatumwa mtu. Mtu huyo anafika na kinywaji, anakaa, anapewa maji, anaulizwa kilichomleta, ndipo anasema. Shangazi yako alinyimwa hayo yote. Kisha nyinyi, kumwomba radhi, mmefanya nini? Mmemtumia picha nyingine. Yenye mwanga mzuri! Mmetengeneza filamu nzima ya kuwacheka watu wanaoamini kioo kuliko mtu aliyesimama mbele yao, halafu mkamtaka mama wa watu aamini kioo. Aliposema huyu ni yule wa kwenye televisheni, Boatemaa, alikuwa hajachanganyikiwa. Yeye ndiye mtu pekee kati yenu aliyeielewa filamu, na hata hajaiona.

Kwa hiyo mtakwenda Mampong. Msipige simu kwanza, msimtumie Apraku ujumbe wa kumpima hali ya hewa. Nendeni asubuhi. Baba yako avae kitambaa cheupe cha furaha, si cha msiba, wewe ni fundi, usinipe visingizio. Chukueni chupa ya kinywaji cha heshima. Mkishafika Mampong, ndipo mmwite Apraku awapokee barabarani na awe msemaji wenu, kwa sababu ni mtoto wa nyumba ile na ana mdomo ambao wewe huna. Wewe na mumeo kaeni nyuma mkae kimya, na hiyo kamera ibaki Kumasi. Najua Asenso atasema wakati kama huo haurudi tena. Mwambie ndiyo maana.

Shangazi asipowapa maji, kaeni na kiu. Akiwapa mgongo, kaeni na huo mgongo mpaka ageuke. Akigeuka, Apraku aseme mambo mawili, hayo tu: kwamba bango lilitangulia kabla ya mjumbe, na hilo ni kosa, na kwamba Adubofour amekuja mwenyewe kwa miguu yake kumwambia dada yake kwamba hajafa. Msiitaje Pasaka. Msieleze sanaa. Filamu mtamwonyesha baadaye, akiwaita, uani kwake, yeye akiwa wa kwanza kabla ya ukumbi wowote, na akisema jina libadilishwe, Asenso atalibadilisha bila kununa, kwa sababu jina ni la ukoo wao na alikopeshwa tu. Nadhani hatasema. Nadhani atataka kujua kwa nini mke wa kwenye filamu alimwondolea kaka yake bakuli.

Lakini la muhimu ni kabla ya hayo yote. Baba yako asikae kule kwenye kiti cha wageni. Aende akae karibu naye, karibu kabisa, asiseme utani, asiseme chochote. Na shangazi yako akimpiga kofi, Boatemaa, usinyanyuke kumshika mkono. Mwache ampige mpaka achoke. Hakuna dada anayempiga marehemu.