Hodi Mbele ya Boma la Upper Marlboro

Riverdale Park, 3 Mei 2025

Mama Bupe,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wenyeviti wanne wa kijiji, na yule daktari aliyesema sifiki Pasaka nimemzika pia. Ndege nayo imenishindwa. Mimi mzima. Mguu wako je? Ng'ombe?

Jana Bupe alinipeleka Upper Marlboro, kwenye mahakama atakayofungia ndoa Ijumaa. Ndiyo makao makuu ya kaunti yao, lakini mji mdogo! Tukuyu inaumeza na njaa haiishi. Boma lao ni la matofali mekundu, nguzo nyeupe mbele. Nilikumbatia moja kuipima, askari akacheka. Wanalisifu eti la kale. Nikamwambia, sisi tunalo la Wajerumani.

Bwana harusi ni Yohance, Mmarekani mweusi. Kiswahili chake cha taarifa ya habari, ila mpole. Lakini hakuleta mshenga wala kupiga hodi kwangu. Alinipigia simu tu, kama anauliza bei ya mbolea! Nimemwambia Bupe mguu wangu hauvuki mlango wa boma lile. Akasema, "Basi Baba, nitaolewa kama yatima." Nikasema sawa.

Mumeo,
Baba Bupe

Tukuyu, 5 Mei

Baba Bupe,

Shikamoo. Zefania wa dukani amenionyesha picha ya barua yako kwenye simu. Mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu. Mguu unauma asubuhi tu, ng'ombe wazima.

Sasa nisikilize. Hodi ataipigia wapi, na nyumba yako iko huku? Na wewe je? Ulikuja kwetu peke yako, mshenga kalewa. Baba akanyamaza makusudi, ukasimama mvuani mpaka viatu vya kuazima vikaachama. Mimi nilikuwa jikoni nacheka, halafu nikalia. Nikasema, huyu akiondoka, mimi basi.

Usimlize mwanangu hivyo.

Mkeo,
Mama Bupe

Riverdale Park, 10 Mei

Mama Bupe,

Hujambo? Mimi nina nguvu kuliko zile nguzo. Zefania asisome kwa sauti.

Jana nilikwenda, lakini nikabaki nje kwenye benchi. Bupe akapita na gauni lake, hakunitazama. Nikamwita Yohance, nikalaza fimbo yangu chini mbele ya miguu yangu. "Hapa ni kwangu. Mlango ndio huu."

Akaelewa! "Hodi, baba."

Nikanyamaza. Nilimkumbuka mzee wako.

Mama yake Yohance, Dorothea, akaja na kofia yake pana, mwanawe akamnong'oneza. "Hodi!" Sauti ya kwaya, njiwa wakaruka. Nikanyamaza. Ningenyamaza mpaka jioni, unanijua.

Ndipo nikasikia hodi ya tatu, ndogo. Bupe karudi, kasimama nyuma yao. Mtoto wangu, Mama Bupe, anapiga hodi kwa baba yake!

Nikasema karibuni, karibuni, nikainuka, fimbo nikaisahau palepale. Nimeingia bomani nimemshika mkono.

Ukisikia nililia, ni uongo. Muulize Dorothea. Muulize na yule askari, ndiye aliyenipa karatasi laini nifute miwani. Miwani yenyewe nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa Bupe.

Mumeo,
Baba Bupe