Mashine Haina Kosa

Jumatatu, 4 Machi

Mashine imeharibika tena! Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi tayari nimechoka nayo. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kupimwa moyo, lazima tuijaribu kwa mtu mzima wa afya, karatasi iingie kwenye faili la majaribio — bila jina, tarehe tu. Kwa kawaida namlaza mfagizi. Leo kachelewa. Kaka yangu, dereva wa basi la shule, alikuwa amepita kuniletea miwani niliyoiacha ndani ya basi nikimfunga binti yangu mkanda. Nikamlaza yeye.

Mchoro ovyo! Pigo moja, mawili yamebanana, kimya, kisha mbio. Nikabadilisha stika. Nikampangusa kifua. Nikakaza nyaya. Mara tatu! Kaka anacheka tu: "Dada, inanichora kama kuku aliyekanyaga wino."

Nimewarudisha nyumbani wagonjwa tisa. Tisa!

Jumanne, 5 Machi

Fundi kaja saa tano badala ya saa mbili. Akafungua, akafunga, akamlaza mfagizi. Safi. Akalala mwenyewe, na viatu vyake juu ya shuka langu. Safi. Akasema mashine haina kosa, nikamtafute niliyemlaza jana. Nikamjibu kwa ukali kuwa ni kaka yangu na ni mzima kama chuma.

Alipoondoka nikaitoa karatasi ya jana, nikaitazama kama ya mgonjwa yeyote. Miaka kumi na mmoja nafanya kazi hii, na nimeshindwa kuona kilicho mbele ya macho kwa sababu kifua ni cha kaka. Mjinga mimi!

Jumatano, 6 Machi

Nimemwonyesha daktari ile karatasi, sikusema ni ya nani. Swali lake la kwanza: huyu alikunywa mwishoni mwa wiki? Akaeleza huku anakula karanga. Kila seli ya moyo ina vilango vidogo, chumvi zinaingia na kutoka humo, na huo ndio umeme wake. Pombe inavivuruga. Seli nyingine zinawaka kabla ya zamu yao, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Mara nyingi baada ya siku moja au mbili hutulia. Mtu akinywa tena, mtetemo unaweza kurudi.

Nikampigia kaka. Ulikunywa? Kidogo tu. Kidogo kiasi gani? Akaanza kunitajia marafiki badala ya chupa! Kizunguzungu Jumatatu? Akakubali: pale kwenye mzunguko kabla ya shule, giza likampita machoni, akapunguza mwendo.

Watoto ishirini na sita. Binti yangu anakaa kiti cha mbele.

Alhamisi, 7 Machi

Leo madereva wa shule walipimwa kwa ajili ya cheti cha mwaka. Kaka hajagusa chupa siku tatu. Mchoro safi, pigo kwa pigo, ungefundishia darasani. Daktari akagonga muhuri. Kaka akanipiga begani: "Umeona? Ni mashine yako ile!"

Na mimi nikasema nini? Sikusema kitu! Karatasi ya Jumatatu haina jina. Na huyu ndiye aliyeacha shule akabeba mizigo ili mimi nisomee kazi hii hii. Nilimvuta pembeni tu, nikamwomba aache pombe. Akaapa.

Nimemkasirikia yeye, nimeukasirikia muhuri, na zaidi nimeukasirikia mdomo wangu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitoa ile karatasi kwenye faili. Iko ndani ya mkoba. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi

Timu ya kaka imeshinda, marafiki wamempitia na chupa. Basi tena.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja asubuhi. Naandika nimesimama jikoni.

Honi ililia saa kumi na mbili na nusu. Nikatoka mimi badala ya binti. Basi tupu — sisi ndio kituo cha kwanza. Macho yake mekundu. Nikamsalimia, nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu. Moja. Mbili-tatu. Kimya. Mbio.

Nikachomoa funguo za basi. Hakubishana. Sasa amekaa kwenye ngazi ya basi, kichwa mikononi. "Leo tu, dada. Keshokutwa nitakuwa sawa, unajua mwenyewe."

Ndiyo, najua! Hilo ndilo linalonitia wazimu! Keshokutwa mchoro utakuwa safi, na hakuna atakayeniamini. Tena nampenda, mjinga huyu.

Binti ana begi mgongoni, anauliza kwa nini mjomba hawashi gari.

Karatasi iko hapa mezani. Jina lake nimeliandika sasa hivi, kwa kalamu hii.

Simu. Mwalimu mkuu. Watoto ishirini na watano wamesimama vituoni, bila shaka wazazi wameshampigia. Kaka ameisikia. Ameinua kichwa, ananitazama kupitia dirisha.

Bado inaita —