Ijumaa Jioni Sitapiga Simu

Gesima,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Nyakerario,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Mtwapa, na joto lenu? Shemeji Machogu anaendeleaje na mgongo? Sisi tu wazima. Mama hukohoa asubuhi kukiwa na ukungu, lakini bado anapanda kilima kwenda kanisani bila kupumzika njiani.

Mvua ni nzuri na majani chai yanaota haraka kuliko mikono yetu inavyoweza kuchuma. Ndizi za nyuma ya jiko ziliangushwa na upepo.

Utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Umenipigia mara nyingi, nami nimeiacha simu ilie. Sikuwa mgonjwa, dada. Nilikuwa nimeumia.

Unakumbuka nilichokuambia kuhusu Okemwa. Nilisema ni mtu mwema, ila nampenda zaidi akiwa amenyamaza. Tukacheka. Kisha nikakuambia sifanyi mzaha, kwamba naogopa kukubali anioe kabla sijaujua moyo wangu, nikakusihi uniombee. Sikumwambia mtu mwingine, hata Mama.

Mapema mwezi huu tulikuwa kituo cha chai tukichambua majani, tukingoja lori la kiwanda. Jirani yetu Mokeira akaniita mbele ya wanawake wote, "Valentine! Mchumba wako ameshajifunza kunyamaza, au tukusaidie kumfunga mdomo?" Walicheka mpaka mmoja akakalia kikapu chake. Nikamuuliza ameyatoa wapi maneno hayo.

"Muulize dada yako wa Mombasa," akasema. "Mimi nimepewa tu, tena bure."

Sabato iliyofuata Okemwa alinipa mkono mlangoni pa kanisa. Huyu ambaye huuliza habari za Mama, za ng'ombe, za shamba, hata za paka, hakusema neno. Alinipa mkono akaenda zake.

Nimejiuliza ulimsimulia Mokeira kwa sauti gani. Ulicheka kwanza? Na lile ombi langu, ulimpa pia, au uliliacha kwa kuwa halichekeshi?

Sikulaumu wewe peke yako. Kila Ijumaa, wenzangu wakifungua Sabato sebuleni, mimi nilikuwa nyuma ya jiko na simu sikioni. Wanaimba, Mama anaita, "Valentine, jua linazama!" Nami najibu, "Nakuja, Mama!" huku nakuuliza wewe, "Enhe, halafu?" Huyo Mokeira tumemsengenya mara ngapi? Nilidhani mimi na wewe tuko ndani, na wengine wote wako nje.

Sasa nimeacha. Ijumaa jioni nakaa na Mama. Tunasoma, tunaimba, tunakaa kimya. Mwanzoni nilitamani umbea kama mtu aliyekatazwa sukari, mkono ukitafuta simu wenyewe. Ijumaa hii nilikuombea kwa jina lako. Nilijaribu kusema nimekusamehe, nikashindwa. Nikamwambia Mungu kwamba nimeshindwa. Nitajaribu tena.

Ukinipigia siku nyingine nitapokea. Tutaulizana afya, tutaongea kuhusu watoto na lesoni ya Shule ya Sabato. Lakini nakujua: utataka kusikia kama watu wa Okemwa bado watakuja Desemba kujitambulisha, na mimi nimeamua nini. Nimeshaamua, dada. Okemwa ataambiwa kwanza, na nitamwambia mimi mwenyewe. Wewe utasikia siku ambayo kila mtu atasikia.

Msalimie Shemeji Machogu. Mwambie Brandon kwamba mama yake mdogo anaukumbuka mtihani wake katika sala. Mama anakusalimu sana. Yeye hajui lolote, na sitamwambia.

Mungu aitunze nyumba yako, na ayalinde mliyo nayo ndani yake.

Wako ambaye hajaacha kukupenda,
Valentine